Mpima Mapigo Aliyenyamaza Siku Kumi na Tisa

Kengele ya mapumziko bado haijalia. Nyuma ya madarasa ya shule moja ya msingi mtaani Makadara, Nthambi Matheka amepiga magoti, anasukuma kipande cha kadibodi chini ya mguu wa benchi ili lisiyumbe. Benchi lenyewe ni fupi, kimo chake sentimita thelathini, na ubao wake umebonyea katikati kwa kukanyagwa.

"Wewe, njoo," anamwita msichana wa kwanza kwenye foleni. "Vua viatu. Koo halikuumi wiki hizi?"

"Haliumi, mathe."

"Na magoti? Usiku hayakuwashi moto?"

"Zii. Mimi niko fiti."

Nthambi hacheki. Anachukua kijiti na kopo tupu la mafuta ya kupikia, anaanza kugonga kwa mwendo mmoja usiobadilika. Msichana anapanda benchi, mguu wa kulia kisha wa kushoto, anashuka vivyo hivyo, anapanda tena. Dakika tatu. Wenzake wanamhesabia kwa sauti hadi wanachoka kabla yake.

Kopo linanyamaza. Msichana anaketishwa, mkono wake unashikwa, vidole viwili vya Nthambi vinatulia chini ya kifundo. Katika kiganja cha kushoto ana saa ya kiume isiyo na mkanda. Kwa dakika nzima mama huyu hapepesi macho, hajibu salamu ya mwalimu anayepita, wala haoni kwamba leso yake imeanguka.

"Mia na nane," anasema, na kuandika katika daftari. "Moyo wako mzuri. Nenda ukakimbie mpaka Thika ukitaka. Mwingine!"

Mama huyu wa miaka arobaini na minne si daktari, si muuguzi, wala si mwalimu wa michezo. Ni mfagiaji wa shule hii. Mwalimu mkuu humruhusu kuweka ufagio chini asubuhi mbili kwa wiki, hasa miezi hii ambapo shule zote za Eastlands, upande huu wa mashariki wa jiji, zinatayarisha timu za riadha. Kwa kazi ya kupima halipwi hata senti moja.

"Moyo wa mtoto mzima hupanda haraka na hushuka haraka," anaeleza, akifuta jasho. "Anapanda benchi, moyo unakwenda mbio. Anakaa, moyo unarudi nyumbani. Ule usiorudi ndio ninaoutafuta. Pumzi na moyo ni kitu kimoja, mmoja ukilegea mwingine unasema."

Anapoulizwa alijifunza wapi, uso wake unakunjamana.

"Kwa watu walionilipa nihesabu," anasema, "na hawakutaka kusikia nilichohesabu."

Ilikuwa mwaka wa 1981, miaka saba iliyopita. Nthambi alikuwa mjane wa miaka miwili, na watoto watatu, Nthoki akiwa wa kwanza, katika chumba kimoja Kaloleni. Mumewe, dereva wa lori la mchanga, alifia barabarani karibu na Athi River. Yeye alikuwa akisugua sakafu katika zahanati aliposikia kwamba kuna mradi wa utafiti unaotafuta wanawake wanaojua kusoma namba na wenye subira ya kukaa na watoto.

Mradi huo ulitaka kujua nguvu za moyo na pumzi za watoto wa shule, wa umri wa miaka minane hadi kumi na minne. Watoto wa Eastlands wangelinganishwa na wale wa mitaa ya matajiri, wanaopelekwa shule kwa gari. Walimfundisha wiki tatu. Walimwonyesha jinsi ya kushika mkono wa mtoto bila kuubana, na kwa nini kidole gumba hakifai kazi hiyo. Malipo yalikuwa shilingi thelathini na tano kwa siku, pesa ambazo zahanati haikuwahi kuzifikiria.

"Nilifurahi kama mtu aliyepata cheo," anakumbuka. "Watoto wangu walikunywa maziwa. Nilinunua hii saa kwa mchuuzi Gikomba. Nilipokuwa nikitembea shuleni na karatasi zangu, walimu walinisalimu kwanza."

Kabla ya kuanza, alitia sahihi karatasi. Msimamizi wa wapimaji, Bwana Khavere, aliwasomea: yatakayopatikana ni mali ya mradi, na asiambiwe mtoto, mzazi wala mwalimu.

Hakuona ubaya wowote katika maneno hayo. Alishika kalamu akaandika jina lake lote.

Jumanne ya tarehe 12 Mei walikuwa katika shule moja nyuma ya Majengo. Darasa la tano lilitoka nje, na katika foleni alikuwapo Kibibi Saad, mwenye miaka kumi na mmoja, mwembamba, mwenye miguu mirefu kuliko sketi yake. Kila mtu alimjua Kibibi. Ndiye aliyekuwa akikimbilia shule yake mita mia nne, na Mwalimu Nalianya wa michezo alimtaja kama mtu anavyotaja mali yake.

Alipanda benchi bila taabu. Alimaliza dakika tatu akitabasamu. Ila alipoketi, Nthambi aliona mshipa wa shingoni ukipiga kama kitu kilichofungiwa.

"Nilihesabu mia na themanini na nane. Nikajiambia, nimekosea. Nikamwacha apumzike dakika tano, nikahesabu tena. Mia na sabini. Watoto wengine kwa dakika tano walikuwa wamesharudi tisini, mia moja. Nikamuuliza, 'Kibibi, unaumwa?' Akaniambia, 'Siumwi, mama. Magoti tu, lakini yanahama. Leo goti hili, kesho kiwiko.' Na alikuwa ameumwa koo mwezi wa Ramadhani uliopita, na tena hivi karibuni."

Nthambi aliandika namba zote mbili, na pembeni, mahali ambapo karatasi haikuwa na nafasi ya maneno, akaandika kwa herufi ndogo: huyu aonwe na daktari.

Jioni Bwana Khavere aliipitia karatasi hiyo kwenye gari. Aliuliza ni nani aliyechora pembeni. Kisha akatoa kifutio, akafuta maneno, na juu ya mstari wa Kibibi akapiga alama ya kuuondoa.

"Akaniambia, 'Mama Nthoki, namba hii inaharibu wastani. Ama umekosea ama mtoto alikuwa amekimbia kabla ya kupimwa.' Nikamwambia nimepima mara mbili. Akasema, 'Wewe ni daktari?' Nikatikisa kichwa. 'Basi hesabu. Na ukisema neno huko nje, kesho usije.'"

Hapo Nthambi anaokota leso yake. Watoto waliobaki wamerudi darasani, na uwanja umebaki na vumbi na sauti ya jedwali la hesabu likikaririwa dirishani.

"Watu hupenda kusikia mpaka hapo," anasema. "Wanamlaumu Khavere, wananionea huruma. Lakini mimi nilikuwa na mdomo."

Mama yake Kibibi, Bi Muhiba, alikuwa akiuza mahamri kando ya lango la shule ile ile. Mradi ulikaa pale karibu wiki tatu, ukipima darasa baada ya darasa. Kila asubuhi, kabla hajaingia kazini, Nthambi alinunua mahamri mawili kwa Bi Muhiba. Walisalimiana. Walizungumza habari za bei ya unga. Bi Muhiba alimfungia mahamri katika gazeti na mara nyingine alimwongezea moja la bure, kwa kuwa alikuwa "mama wa kupima watoto wetu".

"Nilikuwa nayapokea," Nthambi anasema. "Naondoka nayo."

Ijumaa tarehe 22 Mei, shule za eneo lile zilishindana. Nthambi alikwenda kutazama. Alijipenyeza mpaka alipokuwa Mwalimu Nalianya na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba Kibibi asikimbie.

"Kwa nini?" mwalimu aliuliza.

"Moyo wake haushuki."

"Nani amesema? Mradi umeniletea barua?"

Hakukuwa na barua. Bunduki ya kuanzia ililia, na Kibibi akakimbia mita mia nne akashinda, akawaacha wenzake nyuma kwa hatua kumi. Alibebwa juu juu. Mwalimu Nalianya alimgeukia Nthambi mbele ya walimu wenzake: "Huo ndio moyo mgonjwa, mama? Basi Mungu atupe wagonjwa wengine kumi."

Walicheka wote. Na Nthambi, anakiri leo, alifarijika kuchekwa.

"Nilijiambia, umeona, ulikosea. Nikalala usingizi mzuri. Huo usingizi ndio unaonisumbua mpaka sasa."

Lakini kilichompeleka kwa Bi Muhiba hatimaye ni jambo dogo. Ijumaa iliyofuata alimkuta Kibibi ameketi ngazi ya tatu ya jengo la shule, ngazi zilizo saba tu, akipumua kwa mdomo na kujifanya anafunga kamba ya kiatu. Kiatu hakikuwa na kamba.

Jumapili tarehe 31, Nthambi alivuka kwenda Majengo, akabisha mlango, akamweleza mama kila kitu isipokuwa jambo moja: alianza kujua lini.

Kuanzia hapo ni hadithi ya madirisha na karatasi. Bi Muhiba alimpeleka mtoto zahanati. Wakampa vidonge vya malaria. Alimrudisha, wakasema ni maumivu ya kukua. Katika hospitali ya rufaa waliambiwa walete barua yenye vipimo. Nthambi alimwendea Bwana Khavere kumwomba ile karatasi, akajibiwa kwamba karatasi si yake, na kwamba kuanzia siku hiyo hata kazi si yake.

Akaandika barua mwenyewe, kwa mwandiko wake, akiweka zile namba mbili alizokuwa amezishika kichwani. Karani wa hospitali aliisoma na kuuliza, "Huyu Matheka ni daktari wa wapi?" Alipojua kwamba Matheka ni yule mama mwenye kitambaa aliyesimama mbele yake, aliirudisha barua kupitia tundu la dirisha.

Mwezi wa Julai viungo vya Kibibi vilivimba na akashindwa kulala chali. Safari hii alilazwa bila barua. Daktari kijana aliweka kipimo kifuani mwake, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akauliza swali ambalo Nthambi hulirudia neno kwa neno: "Mbona mmemleta leo?"

Aliwaeleza kwamba koo lililoumwa bila kutibiwa ndilo lililoleta homa ya viungo, na homa hiyo imekwishakula milango ya moyo. Kama angejulikana mapema, sindano ya penisilini kila mwezi ingeizuia homa isirudi. Nthambi alimfuata kwenye ujia akamuuliza ikiwa mbio zilimdhuru.

"Mbio hazikumsaidia," daktari alisema. "Lakini ugonjwa ulirudi mara ya pili juu ya moyo uliokwisha kujeruhiwa, na hakuna aliyeuzuia. Mmechelewa, mama."

Kibibi alifariki mwezi wa Septemba, siku nne kabla ya kutimiza miaka kumi na miwili.

Nthambi alikwenda msibani. Alivua viatu mlangoni, akakaa mwisho wa mkeka miongoni mwa wanawake. Baada ya dua, Bi Muhiba alimwita kwa jina.

"Nataka kukuuliza kitu kimoja. Ulijua lini?"

Angeweza kudanganya. Anasema alikwisha kuutayarisha uongo wenyewe njiani. Lakini alijibu: "Tarehe kumi na mbili, mwezi wa tano."

Bi Muhiba alihesabu kwa vidole, polepole, mbele ya kila mtu.

"Siku kumi na tisa," akasema. "Kila asubuhi ulikuja kwangu. Ukanunua mahamri. Ukaniuliza habari za watoto, nikakwambia wazima. Ukaitikia."

Hakumfukuza. Alimwacha akae pale mpaka mwisho, na jambo hilo, kwa maelezo ya Nthambi, lilikuwa zito kuliko kufukuzwa.

Ripoti ya mradi ilitoka mwaka wa 1983. Jirani yake Nyamai, karani katika ofisi moja mjini, alimwonyesha nakala na kumfasiria. Kurasa zake zilisema kwamba watoto wa Eastlands wana pumzi na mioyo yenye nguvu kuliko watoto wa mitaa ya kifahari, kwa sababu wanatembea kwa miguu. Walipimwa watoto elfu moja mia mbili na nne.

"Nilimwambia Nyamai, hapana, ni mia mbili na tano. Akatazama tena. Akasema, imeandikwa nne." Nthambi anafunga daftari. "Sikatai, watoto wetu wana nguvu. Nimewashika mikono, najua. Lakini mtoto aliyekufa hakuwekwa hata katika hesabu ya walio hai siku alipokuwa hai."

Wiki hiyo hiyo alikwenda kwa seremala Makau wa Shauri Moyo, akamwomba amtengenezee benchi la sentimita thelathini kamili. Makau aliuliza benchi fupi hivyo ni la kukalia nani. Alipoelezwa, alipunguza bei.

Tangu wakati huo Nthambi amepima watoto zaidi ya elfu mbili, katika shule nne zilizomkubali na kwenye baraza la ukumbi wa Kaloleni kila Jumamosi. Daftari lake lina majina tisa yaliyozungushiwa wino mwekundu. Sita wanapata sindano kila mwezi. Wawili wazazi wao walikataa. Mmoja wa wazazi hao alimwambia kwamba anawatafutia watoto wa watu magonjwa. Wa tisa alihamishiwa mashambani, na hajulikani alipo.

Hospitali bado hazipokei barua zake. Siku hizi humshika mzazi mkono na kwenda naye, anakaa kwenye foleni tangu asubuhi, na akifika mbele ya daktari husema, "Usinisikilize mimi. Sikiliza kifua chake." Siku anayokosa kazi hukatwa mshahara. Mara mbili amefukuzwa na walinzi.

Ofisi ya elimu ameiandikia mara tatu, akiomba kila mtoto apimwe kabla ya kuingizwa kwenye timu. Jibu la mwisho lina mistari miwili: barua yako imepokelewa, wahusika watalifikiria ombi lako. Amelihifadhi ndani ya jalada la daftari, ingawa hajui kwa nini.

Mwezi wa Februari mwaka huu, akiwa kwenye baraza la Kaloleni, aliona mwanamke aliyevaa buibui jeusi mwisho wa foleni. Mtu yule alisogea pamoja na wengine, bila kuruka zamu, mpaka akafika mbele. Alikuwa Bi Muhiba. Hawakuwa wamesemezana tangu siku ya msiba. Alikuwa amemshika mkono binti yake mdogo, Shamsia, mwenye miaka tisa.

Nthambi alisema, "Karibu, mama."

Bi Muhiba alimsogeza mtoto mbele. "Mpime," akasema.

Nthambi alimpa mtoto mwingine kopo agonge. Shamsia alipanda na kushuka dakika tatu. Nthambi akashika mkono, akahesabu, akapoteza hesabu katikati, akaomba radhi, akaanza upya. Mia na nne. Baada ya dakika tano, themanini na sita.

"Mzima," akamwambia mama.

"Pima tena."

Akapima tena, benchi na yote. Namba zilikuwa karibu zile zile. Bi Muhiba aliinama akazitazama daftarini, akahakikisha jina la mwanawe limeandikwa lote, la baba na la babu. Kisha akamshika mtoto mkono wakaondoka. Hakuaga wala hakushukuru.

"Sikutarajia ashukuru," Nthambi anasema. "Wengine wananiambia amenisamehe. Hajanisamehe. Alikuja kwa sababu hakuna mwingine anayepima. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba hakuwa na mahali pengine pa kwenda ila kwangu."

Tangu siku hiyo ameanza kufundisha. Aliwaalika akina mama kumi na wawili; walikuja watatu. Hodari wao ni Truphena, mshonaji nguo wa Jericho, ambaye sasa anaweza kushika mapigo hata kelele za mtaa zikiwa nyingi. Jumamosi iliyopita Nthambi alikuwa akimsimamia kama askari.

"Si kidole gumba, Truphena. Hicho kina mapigo yake mwenyewe. Utajihesabu wewe umwache mtoto."

"Na nikipata namba ya kutisha, nimwambie mzazi nini?"

"Mwambie namba. Siku hiyo hiyo. Usingoje upate uhakika, uhakika ni kazi ya daktari."

"Na nikiwa nimekosea?"

"Watakucheka," Nthambi akajibu. "Vumilia kuchekwa."

Makau amekwisha kutengeneza benchi la pili, na la tatu amelipiga randa. Nthambi angependa kila shule ya Eastlands iwe na benchi moja na mtu mmoja anayejua kuhesabu, kabla watoto wa watu hawajawekwa kwenye mstari wa kuanzia. Hana hakika atafika nusu ya njia. Akipiga hesabu ya shule zilizopo na miaka aliyobakiwa nayo, jibu halimpendezi.

Lakini kuna shule moja aliyoiandikia kila mwaka tangu 1983, na ambayo kila mwaka ilikataa. Ni ile ya nyuma ya Majengo. Mwezi uliopita imepata mwalimu mkuu mpya, mwanamke, na Nthambi ameletewa jibu kwa mkono: aje Jumanne ijayo, saa mbili asubuhi, aanze na darasa lolote analotaka.

Truphena atabeba benchi. Nthambi ameomba ruhusa kazini, ya siku isiyo na malipo, na saa yake ameipeleka kwa fundi ili isije ikapoteza sekunde.

"Nitaanza na darasa la tano," anasema. Kisha anainuka, anachukua ufagio uliokuwa umeegemezwa ukutani, na kurudi kufagia ujia kabla watoto hawajatoka.